Boston: Jiji lililokataa shule za pamoja kwa kura, kisha kwa mawe

Tarehe 11 Juni 1963, Marekani nzima ilikuwa ikitazama mlango mmoja. Gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama kwenye mlango wa chuo kikuu cha jimbo lake mjini Tuscaloosa ili kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasijiandikishe. Jioni Rais John Kennedy akalihutubia taifa kwa televisheni kuhusu haki za raia.

Siku hiyohiyo, karibu kilomita 2,000 kaskazini, katika jiji la Boston lililomtoa Kennedy kwenda bungeni, kulikuwa na kikao cha Kamati ya Shule, chombo kinachosimamia shule za umma za jiji. Hapakuwa na gavana mlangoni. Palikuwa na meza, karatasi, na mama mmoja wa mtaa wa Roxbury aitwaye Ruth Batson, aliyekuwa akiongoza shughuli za elimu za tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi. Batson alisoma madai ya wazazi: shule chakavu, vitabu vya zamani, madarasa yaliyofurika. Juu ya yote aliitaka Kamati ikiri jambo moja tu, kwamba shule za watoto Weusi Boston zimetengwa, hata kama hakuna sheria iliyoandikwa ya kuzitenga.

Mwenyekiti wa Kamati, Louise Day Hicks, na wenzake walikuwa tayari kuzungumzia mengi katika orodha ile. Kukiri, hapana. Kwao Boston haikuwa na utengano. Watoto wanasoma karibu na kwao, na kama mtaa ni wa Weusi basi shule itakuwa ya Weusi. Mjadala umefungwa.

Ukiwauliza Wamarekani leo kuhusu Boston na shule, wengi watakumbuka mwaka 1974: mabasi ya njano, mawe, polisi wenye kofia za chuma. Picha hizo zilizunguka dunia, na watu walishangaa kuona mambo ya Mississippi yakitokea katika jiji la vyuo vikuu. Lakini anayeianza hadithi hii na mawe anaianzia katikati. Miaka kumi na moja kabla ya jiwe la kwanza, upinzani ulikuwa umeshaajiriwa, una ofisi, una muhtasari wa vikao na unapiga kura. Tena ulikuwa ukishinda.

Msomaji wa Afrika Mashariki anazijua shule za namna hii. Wakoloni waligawa elimu yetu kwa rangi, ya Wazungu peke yake, ya Wahindi peke yake, na ya Waafrika mwisho wa foleni. Tanganyika ilipopata uhuru, sheria mpya ya elimu iliyoanza kutumika Januari 1962 ilifuta mgawanyo huo. Kwa hiyo Batson alipokuwa akibembeleza neno moja la kukiri pale Boston, nchi changa yenye mwaka mmoja na nusu ilikuwa imeshapita hatua hiyo.

Ajabu ni kwamba Boston yenyewe ilikuwa imeshapita hapo zamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1840 mchapaji Mweusi, Benjamin Roberts, aliishtaki halmashauri ya jiji kwa niaba ya binti yake Sarah, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akizipita shule tano za Wazungu kila alipokwenda katika shule ya Weusi. Waliomtetea ni Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta maarufu, na Robert Morris, mmoja wa mawakili wa kwanza Weusi nchini humo. Walishindwa. Jaji Mkuu Lemuel Shaw aliamua mwaka 1850 kwamba jiji lina haki ya kutenga watoto, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliitaja hukumu hiyo ilipohalalisha ubaguzi katika kesi ya Plessy. Roberts na wenzake hawakukaa kimya. Walilibana bunge la jimbo la Massachusetts, na mwaka 1855 sheria ikapitishwa kupiga marufuku kutenga wanafunzi kwa rangi.

Kisheria, basi, Boston ilikuwa safi kwa zaidi ya miaka mia moja. Na jiji lilijivunia usafi huo. Hapa ndipo William Lloyd Garrison alipochapa gazeti lake la kupinga utumwa. Hapa ndipo Sumner alipozaliwa. Ukiwa na mababu wa namna hiyo, ni rahisi kuamini kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa watu wa Kusini.

Vita Kuu ya Pili na miaka iliyofuata vilibadilisha hesabu. Weusi waliokuwa karibu 23,000 mwaka 1940 walizidi 100,000 ilipofika 1970, wengi wao wakitoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi. Walikaa Roxbury, South End na upande wa Dorchester, kwa sababu kwingine wenye nyumba na mabenki hawakuwataka. Waairishi walishika South Boston na Charlestown, Waitaliano wakashika North End na East Boston. Kila mtaa ulikuwa na parokia yake, timu yake na baa zake, na mgeni aliyepotea njia alijua mara moja kwamba amepotea.

Batson alizaliwa Roxbury mwaka 1921, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaika. Kilichomwingiza katika vita hivi kilikuwa kitu kidogo: aligundua kwamba mtoto wa rafiki yake Mzungu anafundishwa sayansi shuleni, ilhali binti yake, katika jiji hilohilo na chini ya Kamati hiyohiyo, hafundishwi. Mwaka 1951 aligombea ujumbe wa Kamati ya Shule akashindwa. Kamati ilikuwa na wajumbe watano waliochaguliwa na jiji zima, na kwa utaratibu huo mgombea wa Weusi angepigiwa kura na mtaa mzima wa Roxbury na bado asiambulie kiti. Wajumbe hawakulipwa mshahara. Kiti chenyewe kilikuwa ngazi ya siasa: kutoka hapo unakwenda Baraza la Jiji, umeya, hata bunge la taifa.

Hicks aliielewa ngazi hiyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa mwanasheria, binti wa hakimu aliyeheshimika South Boston, mwanamke wa sauti nyororo na mavazi ya kanisani. Alipoingia kwenye Kamati alionekana mtu wa mageuzi. Baada ya kikao cha Juni 1963 akawa jina la kila nyumba. Wiki moja baadaye maelfu ya wanafunzi Weusi waligoma kwenda shule na kukusanyika makanisani na katika kumbi za mitaa, ambako walifundishwa historia yao; Februari 1964 mgomo ukarudiwa, mkubwa zaidi. Katikati ya migomo hiyo miwili ulifanyika uchaguzi wa Kamati. Hicks aliongoza kwa kura nyingi. Wanasiasa wote wa jiji walisoma matokeo hayo na kuyaelewa: kusema hapana kunalipa.

Martin Luther King, aliyesomea shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Boston, alirudi Aprili 1965 na kuongoza maandamano kutoka Roxbury hadi bustani kuu ya jiji. Mwezi huohuo ripoti ya jimbo ilisema bayana kwamba utengano upo na unawaumiza watoto wa pande zote. Agosti, Gavana John Volpe alitia saini sheria ya kwanza ya aina yake nchini: shule yenye wanafunzi wasio Wazungu zaidi ya asilimia 50 itahesabiwa kuwa haina uwiano, na halmashauri isiyorekebisha itanyimwa fedha za jimbo.

Hapo ndipo Kamati ilipoonyesha ufundi wake. Sheria inahesabu wasio Wazungu? Kamati ikaamua kuwahesabu wanafunzi wa Kichina kuwa Wazungu, ili idadi ya shule zenye kasoro ipungue. Watoto wale hawakuhamishwa hata dawati. Walilala Wachina wakaamka Wazungu, kwenye karatasi.

Mbinu nyingine zilihitaji subira zaidi ya kuzifuatilia. Kulikuwa na utaratibu wa uhamisho huru, ambao kwenye maandishi ulimruhusu mtoto yeyote kwenda shule yenye nafasi. Kwa vitendo ulikuwa mlango wa Wazungu kukimbia shule zenye Weusi, huku mtoto Mweusi aliyeomba nafasi akikuta vikwazo. Kulikuwa na madarasa ya mabanda yaliyoongezwa katika shule za Wazungu zilizofurika, wakati shule jirani yenye Weusi ina viti vitupu. Kulikuwa na mipaka ya kanda iliyopinda pale rangi ya mtaa ilipopinda. Na kulikuwa na mpangilio wa madarasa, ambao ndio uliokuwa wa kijanja kuliko yote: baadhi ya shule za kati ziliishia darasa la nane, nyingine la tisa. Waliomaliza la nane, wengi wao Weusi, waliingia sekondari zinazoanzia la tisa. Waliomaliza la tisa, wengi wao Wazungu, waliingia sekondari zinazoanzia la kumi. Mzazi aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwamba ni suala la ratiba tu.

Mwaka 1971 ilifunguliwa Dorchester shule mpya ya kisasa, Joseph Lee, iliyojengwa kwa fedha za jimbo kwa sharti kwamba itachanganya watoto. Wazazi Wazungu waliopangiwa shule hiyo waligoma, wakajaa kwenye mkutano na kuwazomea wajumbe. Kura ikageuka. Watoto wao wakarudishwa walikotoka, na sharti likafa.

Ndani ya madarasa mambo hayakuwa siri. Mwaka 1965 mwalimu kijana, Jonathan Kozol, alifukuzwa kazi kwa kuwasomea wanafunzi wa shule ya Roxbury shairi la Langston Hughes ambalo halikuwa kwenye mtaala. Aliandika kitabu kuhusu mwaka wake ule, kikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu. Wazazi nao hawakusubiri. Ellen Jackson, mama wa watoto watano, na wenzake walichangisha fedha, wakakodi mabasi na kuwapeleka watoto wao kwenye viti vitupu vya shule za Wazungu. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa METCO, ambao hadi leo unawachukua watoto wa Boston kwenda kusoma katika shule za vitongoji vya matajiri nje ya jiji, vile vilivyokubali kwa hiari yao.

Weusi ndio waliotumia mabasi kwanza, basi, tena kwa pesa zao wenyewe. Wala si wao peke yao. Kabla ya amri yoyote ya mahakama, maelfu ya wanafunzi wa Boston walipanda basi au treni kwenda shule, na baadhi ya Wazungu walisafirishwa kupita mbele ya shule yenye Weusi ili wafike ya Wazungu iliyo mbali zaidi. Hakuna aliyerusha jiwe.

Machi 1972, wazazi Weusi kwa msaada wa NAACP waliishtaki Kamati katika mahakama ya shirikisho. Mlalamikaji wa kwanza aliitwa Tallulah Morgan. Mshtakiwa wa kwanza James Hennigan, mwenyekiti wa wakati huo. Na kesi ikachukua majina yao. Wakati huo shule za jiji zilikuwa na wanafunzi karibu 96,000, takriban asilimia 60 wakiwa Wazungu. Faili liliangukia mikononi mwa Jaji Arthur Garrity, Mwairishi mpole, Mkatoliki, aliyehitimu Harvard. Tarehe 21 Juni 1974 alitoa hukumu ya kurasa zaidi ya 150. Yale yote yaliyoitwa ratiba na mipaka aliyaorodhesha moja baada ya jingine, na kuhitimisha kwamba Kamati ilijua ilichokuwa ikifanya na iliendesha mfumo wa utengano kwa makusudi.

Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo na kuona wapi amekosea. Kamati ilikata rufaa ikashindwa. Utekelezaji ndio unaobishaniwa hadi leo. Shule zingefunguliwa Septemba, miezi isiyotimia mitatu. Kamati haikuwa na mpango, kwa sababu kuwa na mpango kungekuwa kukiri. Jaji akachukua mpango uliokwisha kuandaliwa na bodi ya elimu ya jimbo, ambao uliunganisha, miongoni mwa mengine, sekondari ya South Boston na Roxbury. Hizo ni jamii mbili maskini kuliko karibu zote za jiji, na kila moja ilikuwa na sababu za kuiogopa nyingine. Wanafunzi kama 18,000 wangepanda basi.

Wakati wazazi wakiusoma mpango huo, tarehe 25 Julai Mahakama Kuu mjini Washington ilitoa hukumu kuhusu Detroit. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba vitongoji vya nje ya jiji haviwezi kuburutwa kwenye mpango wa kuchanganya shule ikiwa havijathibitika kubagua. Tafsiri yake kwa Boston ilikuwa wazi. Matajiri waliohamia nje walikuwa wameshavuka mto. Kazi ya kurekebisha dhambi ya jiji ilibaki kwa wasioweza kuhama.

Watu wa South Boston walilijua hilo, na hapa ndipo hoja yao ilipokuwa na uzito. Jaji mwenyewe alikaa Wellesley, kitongoji cha nyasi zilizokatwa vizuri ambacho amri yake haikukigusa. Wahariri wa magazeti na maseneta walioisifu hukumu, wengi wao hawakuwa na mtoto katika shule za jiji. Sekondari ya South Boston haikuwa shule bora ya kugombewa. Wachache walitoka hapo kwenda chuo kikuu. Mama wa nyumba za kupanga za serikali, mume hana kazi kwa sababu bandari imedorora, aliuliza kwa nini mwanawe apelekwe Roxbury wakati wa jaji haendi popote. Swali halali kabisa. Lakini mama huyo alikuwa amempigia kura Hicks mara kadhaa, na Hicks ndiye aliyempa jibu la uongo kwa miaka kumi na moja, kwamba ukikataa kwa nguvu za kutosha, siku hiyo haitafika.

Ilifika. Tarehe 9 Septemba maelfu ya waandamanaji Wazungu walikusanyika mbele ya jengo la jiji. Seneta Edward Kennedy alijitokeza kuzungumza nao. Alikuwa mtu wao, Mwairishi, Mkatoliki, ndugu wa rais aliyeuawa ambaye picha yake ilitundikwa sebuleni mwao kando ya ile ya Papa. Walimgeuzia migongo, wakamzomea, wakamrushia mayai na nyanya. Alikimbilia ndani ya jengo la serikali lililopewa jina la kaka yake, na kioo cha jengo hilo kikavunjwa nyuma yake.

Siku tatu baadaye shule zilifunguliwa. Sehemu kubwa ya jiji ilipokea watoto bila vurugu, jambo ambalo kamera hazikuwa na haja nalo. South Boston ilikuwa habari nyingine. Asubuhi watoto Weusi walishuka kwenye mabasi katikati ya matusi. Mchana, walipokuwa wakirudi, mabasi yalipigwa mawe. Ellen Jackson alikuwa akiwasubiri Freedom House, kituo cha jamii cha Roxbury ambako mabasi yaliishia. Walishuka wakilia, na vipande vya vioo vikiwa kwenye nywele zao. Watu wazima walikaa nao jioni hiyo wakivitoa. Kisha ikabidi wazazi waamue kama kesho watawapandisha tena. Wengi waliwapandisha.

Oktoba, mhamiaji kutoka Haiti aliyekwenda South Boston kumchukua mkewe kazini alivutwa kutoka kwenye gari lake akapigwa nusura auawe. Siku mbili baadaye Rais Gerald Ford aliulizwa na waandishi wa habari, akasema analaani ghasia ila hakubaliani na uamuzi wa jaji. Viongozi wa upinzani hawakuhitaji kusikia zaidi ya hapo. Hicks, sasa diwani baada ya kushindwa umeya mwaka 1967 na kupita bungeni kwa muhula mmoja, alikuwa ameanzisha kundi lililoitwa ROAR, yaani ngurumo. Lilifanyia vikao vyake katika ukumbi wenyewe wa Baraza la Jiji, na herufi za jina lake zikabandikwa kwenye madirisha ya ukumbi huo ili wapita njia wazisome.

Tarehe 11 Desemba mwanafunzi Mzungu alichomwa kisu na mwanafunzi Mweusi ndani ya sekondari ya South Boston. Alipona. Lakini habari zilienea mtaani kwa dakika chache, na umati ukaizunguka shule huku wanafunzi Weusi wakiwa wamefungiwa ndani. Hicks alifika. Alisimama juu ya ngazi akashika kipaza sauti, akawaomba watu wake wawaache watoto watoke waende nyumbani. Umati ulimjibu kwa kelele za kukataa. Mwanamke aliyekuwa sauti ya mtaa kwa zaidi ya miaka kumi alisimama pale akizomewa na mtaa. Polisi wakabuni ujanja: mabasi matupu ya kuzugia yakaletwa mbele ya shule, umati ukayakimbilia kwa mawe, na watoto wakatolewa kwa mlango mwingine hadi kwenye mabasi yaliyofichwa.

Siku tano baada ya hapo, Kamati ya Shule ilitakiwa kumpelekea jaji mpango wa mwaka wa pili. Ilipiga kura tatu dhidi ya mbili: hapana. Wajumbe watatu walioukataa, John Kerrigan, Paul Ellison na John McDonough, walitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kamati yenyewe hasa. Damu ilikuwa bado mbichi mtaani, na ndani ya chumba kura ilikuwa ileile ya 1963.

Mwaka 1975 zamu ikawa ya Charlestown. Huko upinzani ulivaa shela na rozari; akina mama waliandamana barabarani wakisali Salamu Maria mbele ya polisi, watoto wachanga mikononi. Kanisa lao lenyewe lilikuwa limegawanyika. Kardinali Humberto Medeiros alikataza shule za Kikatoliki kupokea wanaokimbia amri ya mahakama, lakini katazo hilo lilivuja. Baadhi ya wazazi wakafungua shule za binafsi mitaani. Ndani ya sekondari ya South Boston, askari wa jimbo walisimama kwenye korido na wanafunzi walipita kwenye mashine za kukagua vyuma. Desemba mwaka huo jaji aliiondoa shule hiyo mikononi mwa Kamati na kuiweka chini ya usimamizi wa mahakama.

Aprili 5, 1976, wanafunzi Wazungu wa South Boston na Charlestown waliandamana tena hadi jengo la jiji. Hicks aliwakaribisha ndani ya ukumbi wa Baraza, wakapewa chokoleti ya moto na kuapa utii kwa bendera. Walipotoka nje walikutana na wakili Mweusi, Ted Landsmark, aliyekuwa akiwahi mkutano kuhusu nafasi za wakandarasi Weusi. Walimvamia. Alivunjika pua, na kijana mmoja akamshambulia kwa mlingoti wa bendera ileile ya taifa. Mpigapicha Stanley Forman alikuwa pale. Picha yake ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na ndiyo inayochapishwa kila jiji hilo linapotajwa kuhusu rangi. Wiki mbili tu baada ya shambulio hilo, vijana Weusi wa Roxbury walimponda mawe dereva Mzungu aliyekuwa akipita, akazirai na hakuzinduka hadi alipofariki mwaka 1978.

Wapiga kura walichoka kabla ya wanasiasa. ROAR ilipasuka makundi mawili mwaka 1976. Katika uchaguzi wa 1977 Hicks alipoteza kiti chake cha Baraza la Jiji, Kerrigan akaangushwa, na Mweusi wa kwanza katika karne ile, John O'Bryant, akachaguliwa kuingia Kamati ya Shule. Ungeweza kusema upinzani ulikuwa umeshindwa.

Ukizitazama takwimu, hata hivyo, utasita kusema hivyo. Wazazi Wazungu wengi hawakurusha jiwe wala kusali barabarani, walifunga mizigo. Wengine walikuwa wameanza kuhama zamani, kabla ya Garrity, kwa sababu za nyumba na kazi, na si haki kumtwisha jaji mzigo wote. Lakini katika miaka ya 1980 wanafunzi walikuwa wamepungua hadi chini ya 60,000, na Wazungu wakawa wachache. Leo hawafiki 50,000, na Wazungu ni kama mmoja kati ya saba. Kuchanganya watoto kunahitaji watoto wa kuchanganya, na ile hukumu ya Detroit ilikuwa imewaweka waliohama nje ya mstari.

Hata hivyo kuna mengi ambayo mahakama ilibadilisha na hayarudi. Walimu Weusi waliajiriwa kwa amri, wazazi walipata mabaraza yenye sauti, na ule mfumo wa darasa la nane na la tisa ulivunjwa. Garrity alianza kukabidhi usimamizi mwaka 1985. Kamati ya kuchaguliwa yenyewe haikupona: tangu 1992 wajumbe wanateuliwa na meya. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilifuta utaratibu wa kuzingatia rangi katika udahili wa Boston Latin, shule kongwe kuliko zote za umma nchini humo, baada ya familia ya msichana Mzungu kushtaki. Mwaka uliofuata Kamati ikaacha kabisa kutumia rangi kuwapanga wanafunzi.

Ugomvi umehamia kwenye shule za umma zinazodahili kwa mtihani, tatu kwa idadi, Boston Latin ikiwamo, ambazo kila mzazi mwenye ndoto anazitamani. Mwaka 2021, janga la korona lilipokwamisha mtihani, Kamati iligawa nafasi nyingi kwa kufuata maeneo ya makazi na alama za darasani, na Weusi na Walatino waliopata nafasi wakaongezeka. Wazazi Wazungu na wenye asili ya Asia wakaenda mahakamani kudai wamebaguliwa. Safari hii Kamati ya Shule ya Boston ilisimama kizimbani ikitetea kuchanganya watoto. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, majaji wawili wakipinga, na kanuni za udahili zinaendelea kubishaniwa katika vikao vya Kamati.